Kutoka Amani hadi Maziwe

Basi la Tanga linapoingia Muheza, wachuuzi hulikimbilia na machungwa yaliyokwisha kumenywa, abiria hununua kupitia dirishani, na safari huendelea. Wanaoshuka ni wachache. Julai iliyopita mimi na swahiba wangu tulishuka, tukajitwika mashanta mgongoni, tukaipa kisogo barabara ya lami na kuelekea milima ya Usambara Mashariki.

Swahiba wangu nitamwita Mwalimu, maana ndiyo kazi yake na njia nzima watu walimwita hivyo. Ni mtu wa Bukoba, anafundisha jiografia, na ana hoja asiyochoka kuirudia: kwamba sisi watu wa pwani tunaijua bahari tu, maji tunayokunywa hatujui yanakotoka. Mimi ni mzaliwa wa Dar es Salaam, na hoja yangu ilikuwa kwamba mtu wa bara hajui kula samaki. Tukapatana tuanzie msituni, tuteremke na mto mpaka baharini, kila mmoja amwonyeshe mwenzake.

Naandika kwa sababu naona mkoa wa Tanga unasimuliwa vipande vipande. Kuna wanaokwenda milimani kupunga baridi, na kuna wanaokwenda Pangani kuogelea, na hawa na hao hawakutani. Ile nchi ni moja. Ukiishika upande mmoja tu, umepata nusu yake.

Muheza

Hapa ni kwa Wabondei. Julai machungwa yanakuwa yamerundikwa chini kando ya barabara, mafenesi yamelazwa juu ya magunia, na viungo vimeshushwa kutoka milimani: iliki, mdalasini, pilipili manga. Tulipata chai na mihogo ya kuchemsha kwa mama lishe mmoja aliyeyatazama mashanta yetu kwa muda, kisha akauliza kama tumetumwa na serikali kuja kupima mashamba. Mwalimu akajibu kwamba tunatembea tu.

"Mnatembea kwenda kwa nani, wanangu?"

Swali la haki kabisa. Kwetu mtu husafiri kwenda msibani, harusini, kazini au kwa jamaa zake. Kutembea ili kuona nchi yako mwenyewe bado kunahitaji maelezo. Tulipomwambia tunapanda Amani kwa miguu, tena tukitoka huko twende mpaka Pangani, aliguna, akatuongezea mihogo na hakuidai.

Sigi

Njia ya kupanda inapita kwanza katikati ya mitiki ya Longuza, mistari iliyonyooka, chini majani makavu yanayolia kila unapokanyaga. Nilimwambia Mwalimu kwamba tumeshaingia msituni. Akasema hili ni shamba. Nilipofika juu ndipo nilipomwelewa.

Sigi ndipo msitu wa hifadhi unapoanzia, na ndipo mto Zigi unapopita ukiwa bado mchanga, maji yake baridi na safi juu ya mawe. Ipo nyumba ya mbao ya zamani iliyokuwa ya mkuu wa stesheni. Ndiyo, stesheni: mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga reli nyembamba kutoka Tengeni, kwenye reli kuu ya Tanga, hadi hapa, ili kuteremsha mbao. Reli ile haipo tena. Ukiitazama milima inavyosimama mbele yako, unaelewa kwa nini waliishia hapa.

Tulivua viatu tukakaa juu ya jiwe katikati ya mto. Vipepeo walikuwa wakitua kwenye mchanga ulioloa, makundi kwa makundi. Huku milimani wanavijiji walikuwa wakiwafuga na kuuza pupa zao ng'ambo, kwenye bustani za vipepeo, na fedha ile ikisaidia hata shule. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi, na kipepeo naye akahesabiwa mnyama. Sibishani na sababu ya amri ile, maana twiga na nyani walikuwa wanahitaji ulinzi, lakini kipepeo anayefugwa kutoka yai hadi pupa ni kama kuku. Mtu anayemfuga ana kila sababu ya kuutunza msitu uliompa mbegu.

Amani

Kutoka Sigi barabara inapinda na kupinda, na kila pindo hewa inapungua joto. Kwenye mita kama 900 tukakuta ukungu. Nilikuwa nimevaa shati la mikono mifupi la Kariakoo. Mwalimu alitoa sweta lake bila kusema neno.

Amani ni kijiji kilichojengwa ndani ya bustani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa kilimo, wakaleta miti kutoka kila pembe ya dunia yenye joto wajaribu ipi itawaletea faida: mipira, mikafuri, mikwinini, mianzi, viungo vya aina zote. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza na Waingereza wakafunga bahari, taasisi hii ikawa kiwanda. Kwinini na sabuni za majeshi zilitengenezwa hapa msituni. Waingereza wakairithi, na baadaye ikaja kuwa kituo cha utafiti wa malaria. Majumba ya zamani bado yapo, mengine yana watu, mengine yana kuvu, na miti iliyoletwa imerefuka mpaka huwezi kuitofautisha na wenyeji usipoonyeshwa.

Mwongoza njia wetu, mzee wa makamo aliyezaliwa hapohapo, aliokota jani chini, akalifikicha na kunipa ninuse. Kafuri. Mimi harufu ile naijua kutoka msibani, kwenye sanda. Kukutana nayo juu ya mti hai, asubuhi, ndege wakilia, kulinichanganya kidogo.

Msitu wenyewe hauna mpangilio. Mtambara unapanda wima kabla haujatoa tawi la kwanza, mashina mengine yana mbavu pana kuliko mlango, na mizabibu ya mwituni inaning'inia kutoka juu usikokuona. Mwanga unafika chini vipande vipande. Mzee alituonyesha msambu, mti ambao mbegu zake zina mafuta yanayoganda, na watu huziokota chini na kuziuza. Mbega walipita juu wakiruka, mikia yao yenye ncha nyeupe nyuma, na hondohondo walivuma na mabawa yao kama vile mtu anapepeta mchele kwenye ungo mkubwa.

Hapo ndipo Mwalimu alipokutana na ndugu yake. Alisimama mbele ya mti mrefu, gome lake limepasuka kwa urefu, akauzunguka, akacheka. "Huu ni wa kwetu!" Kweli. Ni mti wa maeneo ya Ziwa Victoria, Waganda huuita musizi, na hukua haraka ajabu. Ulipandwa huku baada ya magogo kuvunwa, ili kuziba mapengo. Hondohondo wakayapenda matunda yake, wakasambaza mbegu kila mahali, na sasa umekuwa mgeni asiyeondoka, unaotwaa nafasi za miti ambayo haipatikani popote pengine. Mzee alieleza haya kwa upole, akimtazama Mwalimu kwa jicho la utani. "Watu wa kwenu, mgosi, mkikaribishwa mnahamia." Mwalimu akakosa jibu, jambo ambalo sijaliona mara nyingi.

Karibu na kijito, kwenye jiwe lenye ukoga ambalo jua halilifikii, mzee alituinamisha tutazame. Majani manene yenye vinyweleo, yamelala juu ya jiwe, na katikati yake maua mawili madogo ya zambarau yenye vichwa vya njano. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, alilipeleka ua hili kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata lilipewa jina la ukoo wao, Saintpaulia, na tangu hapo limeuzwa kwenye vyungu dunia nzima. Kuna vikongwe Ulaya wanaolimwagilia kila asubuhi dirishani bila kujua Muheza iko wapi. Huku kwetu limebaki juu ya mawe machache, na jiwe likipoteza kivuli, limekwisha.

Kivuli ndicho mgogoro wa Amani. Iliki inapenda kivuli, kwa hiyo mkulima huacha miti mikubwa na kufyeka ile ya chini. Kwa macho ya mpita njia msitu upo. Kumbe hauna watoto. Miaka ikipita ardhi inachoka, miti mikubwa inaanguka mmoja mmoja, na hakuna wa kushika zamu. Ndani ya hifadhi, iliyotangazwa mwaka 1997, kilimo hicho kimekatazwa. Usiku ule, tukila ugali na maharage kwa familia iliyotupokea, baba mwenye nyumba alituambia iliki ndiyo iliyosomesha watoto wake. Kisha akaongeza kwamba kijito cha nyuma ya nyumba, alipokuwa mdogo, hakikuwahi kukauka. Alisema yote mawili kwa sauti ileile.

Baada ya chakula tulitoka na tochi. Kinyonga usiku hupauka, na mwanga ukimpiga anang'aa kwenye majani meusi. Tulimkuta mmoja mdogo kuliko kidole changu, mkia umejikunja mara nyingi, amelala. Vyura walikuwa wakilia pande zote. Kwa mtu wa mjini usiku wa Amani una kelele sana.

Tanga

Tuliteremka kupitia mashamba ya chai, ambayo yamepandwa hadi ukingoni kabisa mwa msitu, halafu joto likaturudia, minazi ikaanza, na jioni tukawa mjini.

Tanga ni mji wa baiskeli. Wanaume waliovaa kanzu, akina mama wenye baibui wamekaa upande kwenye kiti cha nyuma, wanafunzi wawili wawili, wote wanakwenda kwa mwendo ambao Dar es Salaam tumeshausahau. Mitaa ya Ngamiani imepewa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea, kwa hiyo mgeni hapotei hata akitaka.

Mwalimu hakutaka kuona chochote kabla ya bomba. Alifungua maji kwenye ua wa nyumba ya wageni, akakinga kikombe, akanipa. "Zigi hiyo." Mji wa Tanga hupata maji yake kutoka bwawa la Mabayani, na bwawa lile hulishwa na mto uleule tuliokaa juu ya jiwe lake kule Sigi. Mkulima anayefyeka kule juu na mama anayekinga ndoo hapa Ngamiani wanagawana mto mmoja, na huenda hawatakutana kamwe. Nilikiri kwamba amenishinda kwenye raundi ya kwanza.

Raundi ya pili ilikuwa yangu. Nilimpeleka kula bada, sima ya unga wa muhogo, laini na yenye kunata, kwa papa mkavu aliyepikwa kwa nazi. Papa ana harufu inayotangulia sahani. Mwalimu aliisukuma sima kwa kidole kama anayejaribu udongo, akamega, akachovya, akanyamaza. Alipomaliza aliomba nyingine. Asubuhi akajaribu supu ya pweza, nayo hakuiacha.

Historia ya mji huu iko chini ya miembe. Tarehe 2 hadi 5 Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India wauteke mji uliokuwa na walinzi wapatao 1,000 chini ya kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck. Walishuka Raskazone, wakaingia kwenye mashamba, na risasi zikaitibua mizinga ya nyuki. Nyuki hawakuchagua upande, lakini hadithi imewapa ushindi Wajerumani. Wengi wa waliokufa walikuwa Wahindi na Waafrika kwenye ugomvi usio wao. Leo Raskazone watu wanaogelea na kula mishkaki.

Jioni tuliuliza kuhusu taarabu. Black Star na Lucky Star, vikundi vya mji huu, ndivyo vilivyoleta gitaa na mwendo wa dansi kwenye taarabu, ikasikika kuanzia Mombasa mpaka Burundi. Vijana tuliowauliza walitujibu kwa nyimbo za singeli. Muuza kahawa mmoja mwenye umri wa kutosha alifunga macho na kuanza kutaja majina ya waimbaji, kahawa ikipoa kwenye vikombe vyetu. Mapango ya Amboni tulikwenda pia, ni mazuri na yameandikwa sana, nayapita.

Machui na Tongoni

Njia ya Pangani inafuata bahari kwa mbali, katikati ya minazi na mkonge. Machui tulisimama kwenye kaburi la Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki 1962. Ni kaburi la kawaida, kwenye kijiji cha kawaida. Kila mtoto wa Tanzania amesoma kitu chake, lakini sisi tulikuwa peke yetu pale. Mwalimu alisoma Fatiha nami, ingawa yeye ni Mkatoliki.

Tongoni iko mbele kidogo, ufukweni, ndani ya mikoko na mibuyu. Kuna msikiti wa matumbawe na chokaa, kibla chake bado kimesimama, na makaburi yapatayo 40, mengi yao ya nguzo. Mji huu, ulioitwa pia Mtangata, ulistawi kwenye karne ya 14 na 15. Nyingi ya nguzo zimeanguka na kulala mahali zilipoangukia, vipande vipande, mizizi ikipita katikati. Weka kidole kwenye nguzo na utakuta vishimo vya duara vilivyochongwa vizuri: humo zilipachikwa bakuli za kauri kutoka China. Bakuli zimeng'olewa zamani. Chini ya kaburi moja tulikuta kitambaa chekundu na marashi. Watu bado wanakuja kuomba hapa.

Aprili 1498 moja ya meli za Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama kwenye mafungu ya Mtangata ikielekea Mombasa. Mabaharia walipotazama bara wakaona milima, wakaipa jina la meli yao. Januari 1499, wakirudi kutoka India na mabaharia wengi wamekwisha kufa, walishindwa kuendesha meli zote, wakaichoma moto São Rafael hapahapa. Nilimwambia Mwalimu ageuke. Asubuhi ile hapakuwa na mawingu, na nyuma ya minazi Usambara ilikuwa imesimama, rangi ya buluu. Wenyeji hawakuhitaji Mreno awaambie kwamba mlima unaonekana kutoka baharini. Manahodha wa pwani hii wameutumia kama alama tangu zamani. Lakini kwetu ilikuwa mara ya kwanza kutazama kutoka chini mahali tulipotetemeka kwa baridi.

Pangani

Pangani ni mji uliochoka vizuri. Mto unaoanza kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru unaishia hapa, mpana na wa rangi ya chai ya maziwa, na mji umejipanga kwenye ukingo wake. Mtaa wa Uhindini bado una milango ya kuchonga na baraza, ingawa kuta nyingi zimevuliwa chokaa na chumvi. Nazi zinamenywa kwenye vijiti vya chuma karibu kila kona. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, na Pangani ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Ukikaa ukingoni saa kumi jioni huoni ajabu kwamba mtu angeandika.

Uzuri huu umejengwa juu ya mambo mazito. Pembe na watumwa walishushwa hapa kutoka bara. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kupandisha bendera yake baada ya kukodishwa pwani na Sultani wa Zanzibar, na mji ukakataa. Abushiri bin Salim, mwenye mashamba ya miwa papa hapa, akaongoza vita vilivyoenea pwani nzima. Walimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alivitungia vita hivyo utenzi, na wasomi wa fasihi wanaujua. Mjini nilitafuta mahali pa kumkumbuka Abushiri panapomstahili, sikuridhika.

Ng'ambo ya mto, Kikogwe, ndiko mkonge ulikoanzia. Mwaka 1893 Richard Hindorf alipokea miche aliyoagiza Florida. Kati ya 1,000 iliyopakiwa, 62 tu ilifika ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa mkonge, na yaliyowaleta vibarua kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Ndiyo maana Tanga ina kila kabila. Tulivuka kwa kivuko pamoja na ng'ombe, pikipiki na bibi harusi aliyejifunika ushungi. Tulipopita, daraja lilikuwa likijengwa.

Usiku tulikula changu wa kupaka kwa wali wa nazi. Mwalimu alimtenganisha samaki na miiba yake yote, akaipanga miiba pembeni ya sahani, akanisogezea nihakiki. Nilimpa alama zake.

Maziwe

Kusi la Julai huamka mchana, kwa hiyo mashua huondoka alfajiri. Maziwe ni fungu la mchanga mweupe baharini, maji pande zote ya kijani mpaka chini, na matumbawe ukizamisha uso tu. Kivuli hakuna hata cha kuweka kichwa. Nahodha wetu alisema baba yake alikuwa akipumzika hapa chini ya mivinje. Kweli miti ilikuwepo. Maziwe ilifanywa hifadhi kwa sababu kasa walikuwa wakitaga hapa kuliko mahali pengine popote nchini. Miti ilipotoweka mchanga haukuwa na cha kuushika, na kisiwa kikashuka mpaka maji makuu yakawa yanakifunika chote. Kasa hawajui hilo. Bado wanakuja kutaga, na watu wa hifadhi huhamisha mayai kupeleka bara kabla bahari haijayaozesha.

Mwalimu alipiga magoti kwenye mchanga, akachimba kwa mkono mpaka maji yalipoonekana. Somo lake la mwaka mzima lilikuwa pale, juu ya mlima na chini baharini: miti, kivuli, maji. Mwezi huu anawaleta wanafunzi wake, na ameniomba nimtafutie mashua.

Nanyi nendeni. Julai na Agosti ndiyo miezi mizuri. Wakati wa masika barabara ya Amani ni utelezi mtupu. Chukueni sweta. Mwongoza njia mchukueni kijijini, mlipeni vizuri, na iliki nunueni kwa mkulima mwenyewe. Na kwa safari ya Maziwe, muulizeni nahodha saa ya maji kupwa kabla hamjapatana bei, kwa sababu maji yakijaa kisiwa hakipo.